Mkanda Uliopakwa Mafuta ya Papa

Suud bin Zahran alikuwa fundi saa, na hakuna mtu aliyewahi kumwona akifika mahali kwa wakati. Watu wa Mkunazini walilicheka jambo hilo mpaka wakachoka kulicheka. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chini ya nyumba ya marehemu babake, ukutani saa kumi na tisa, kila moja ikisema lake. Mteja akileta saa Jumamosi huambiwa, "Njoo keshokutwa inshallah." Akija keshokutwa huambiwa maneno yale yale kwa tabasamu lile lile. Wengi walirudi hata hivyo, kwa sababu Suud alikuwa mtu mzuri wa kuzungumza naye. Hakuwa mvivu, tusimsingizie. Alikuwa tu na maradhi ya kuamini kwamba kesho ina nafasi kuliko leo.

Kwa maradhi hayo, Bi Riyama alikaa miaka miwili na mtoto wa jicho.

Bi Riyama hakuwa mamake wa kumzaa. Suud alipozaliwa, mamake, Bi Abeer, alishikwa na homa ya uzazi, maziwa yakakauka kabla mtoto hajatimiza wiki, na mwaka ule maziwa ya kopo yalikuwa hayaonekani madukani. Babake alikuwa akinunua samaki kwa mvuvi mmoja wa Kitumbatu aliyehamia Mkokotoni, na mvuvi huyo akasema kwake kuna mke anayenyonyesha. Basi Suud akafungwa ndani ya kanga akapelekwa shamba. Alikaa huko miaka miwili, akinyonyeshwa na Bi Riyama, pamoja na Gharib, mtoto wa nyumba ile, aliyemtangulia kwa miezi saba. Ndivyo alivyohadithiwa tangu utotoni. Bi Abeer alipona, Mungu akamjaalia umri, na mpaka anakufa alimwita Bi Riyama dada. Kwa hiyo Suud alikuwa na mama wawili, na mmoja akishazikwa, aliyebaki huwa na thamani ya wote wawili. Hilo alilijua vizuri. Kila Idi alimpelekea kanga, sukari na maneno matamu. Kumpeleka kwa daktari wa macho ndiko kulikokuwa kwa kesho.

Lawama si zake zote. Bi Riyama naye alikuwa mwoga wa kisu. Mara ya kwanza alikubali, kisha asubuhi ya safari akaumwa tumbo. Mara ya pili Suud alimpelekea teksi badala ya kwenda mwenyewe. Bi Riyama akamuuliza dereva, "Mwanangu yuko wapi?" Akajibiwa yuko dukani, ana kazi. Akamrudisha dereva mjini na mkungu wa ndizi.

Hii ilikuwa mara ya tatu. Madaktari wa macho wageni walikuja kwa siku chache katika hospitali moja ya mjini, na Asila, mkewe Suud, ambaye ndiye aliyeendesha kila jambo la maana katika nyumba ile, akamwandikisha Bi Riyama kwa Jumapili, saa tatu asubuhi. Jumatatu wageni wangewafungua bandeji waliowapasua, Jumanne wangeondoka, na hakuna aliyejua watarudi lini. Jicho moja la Bi Riyama lilikuwa limeshakwenda kabisa kwa ugonjwa mwingine. Hili la pili ndilo lililobaki la kuokolewa, na daktari aliyelipima alisema likiachwa mwaka mwingine hakuna atakayeligusa.

"Ukichelewa mara hii," Asila alimwambia mumewe, "usirudi hapa. Kaa huko huko Mkokotoni uwe jicho lake."

Suud akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani: aliondoka siku moja kabla. Jumamosi baada ya adhuhuri alitembea mpaka nyuma ya Darajani alikoliegesha gari lake, kwani vichochoro vya mtaani kwao gari haliingii labda ulikunje. Akalitia moto, na gari likapiga ukelele.

Ukelele huo alikuwa ameshauzoea. Ulitoka kwenye mkanda wa injini, ule ambao mafundi wanauita fenbelti, mpira mmoja mrefu unaozunguka puli zote za mbele, vile vigurudumu vya injini, na kuziendesha dinamo, pampu ya maji na usukani. Miezi mitatu nyuma fundi wake, Mazin, alimwonyesha nyufa zake akamwambia aubadilishe. Suud alinunua mkanda mpya siku ile ile, akautia kwenye buti, na bidii yake ikakomea hapo. Kila akifungua buti aliuona ndani ya karatasi yake, na kila akiuona alijisikia vizuri.

Alifika Mkokotoni alasiri, gari likilia tangu Mahonda bila kupumzika. Gharib alikuwa uwanjani, amekalia ndoo, akisafisha plagi ya mashine ya boti yake. Alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, mchache wa maneno.

"Gari lako linaumwa," alisema.

"Mkanda tu huo. Unapiga kelele, haudhuru."

"Umekauka?"

"Eeh, umekauka," akajibu Suud bila kufikiri, akaingia ndani kumwamkia mamake.

Bi Riyama alikuwa kitandani akisuka ukili wa mkeka. Macho yake hayakuona tena ila mwanga na kiza, lakini vidole vilikwenda vyenyewe, vikiipitisha miyaa ya ukindu juu na chini, na haikukosea njia hata moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Basi kesho nakwenda," alisema Bi Riyama, na Suud akasikia sauti yake ikitetemeka kidogo. Ndipo alipojua kwamba uoga bado upo, umekaa tu pembeni ukisubiri kisingizio.

Magharibi Suud alikwenda msikitini, akakuta watu wa kuzungumza nao, na kama ilivyo desturi yake akakaa mpaka isha ikasaliwa. Nyuma yake Gharib alifanya hisani. Alifungua boneti kwa taa ya simu, akauona mkanda, akaushika, akauona kweli mkavu, tena una nyufa. Gharib alikuwa mtu wa pwani aliyezaliwa katika vyombo vya baharini. Kwao mbao hupakwa mafuta, kamba hupakwa mafuta, chuma hupakwa mafuta, na kilichokauka na kupasuka ndicho hasa kinachoyalilia. Alikwenda bandani akachukua kopo la sifa, yale mafuta ya papa wanayopakia vyombo, akaupaka mkanda ndani na nje, akazipaka na puli zote asibakishe. Kisha akanawa mikono akenda zake kulala, amefurahi.

Alfajiri nyumba nzima ilikuwa macho. Bi Riyama alivaa buibui jipya, akafukizwa udi, akasomewa dua mlangoni. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mikono imeshikana mapajani. Suud akalitia moto gari.

Halikulia. Suud alitabasamu, akamgeukia mamake kumwambia, "Unaona, hata gari leo limetulia." Hakumaliza. Ndani mkaingia harufu ya samaki anayeungua. Taa nyekundu ya betri ikawaka. Chini ya boneti kitu kikaanza kupiga, pa, pa, pa, halafu kikakatika, na injini ikabaki inanguruma peke yake, haivuti chochote. Suud akazima.

Alipofungua boneti aliukuta mkanda umechanika vipande virefu, umejisokota kwenye puli ya chini, wote unateleza. Akavuta kipande akakinusa. Gharib alikuwa amesimama karibu, na kabla hajaulizwa akasema, "Nliupaka sifa jana. Ulisema umekauka."

Hapo Suud alisema maneno ambayo baadaye angetoa chochote yasiwe yamesemwa. Alisema kwa sauti kubwa, majirani wakisikia. Alisema gari si ngalawa. Alisema watu wa shamba wana mkosi wa kugusa wasichokijua, na kwamba mshamba hata umpe kitu cha dhahabu atakipaka mafuta ya papa. Alisema gari hili amelitunza miaka sita, na huo ni uongo, kwani gari lilitunzwa na Mazin na Asila. "Na kama mama hakupona jicho lake," alimalizia, "ujue ni mikono yako hiyo."

Gharib aliitazama mikono yake, akageuka akaondoka.

"Suud," Bi Riyama aliita kutoka ndani ya gari.

"Naam, mama."

"Usimseme hivyo mwenzio."

Suud alikuwa ameshatoa simu. Akampigia Mkubwa, fundi pekee wa jirani, akaambiwa yuko Pemba kwenye harusi. Akasema basi watakodi gari, atatafuta hata la kubeba mchanga. Bi Riyama akatikisa kichwa.

"Nshatia nia na gari hili. Dua imesomwa nikiwa na mguu humu. Nikishuka kwa safari iliyokatikia mlangoni, Suud, narudi kitandani, na wewe unanijua. Likiondoka nitaondoka. Likikaa, nitakaa."

Suud alimjua. Akaitazama saa yake ya mkono, ambayo kwa bahati ilikuwa inakwenda. Kutoka Mkokotoni mpaka mjini ni mwendo wa saa nzima. Alikuwa na saa moja na nusu, mkanda mpya kwenye buti, na hajawahi kufungua nati ya gari tangu kuzaliwa. Akampigia Mazin.

"Kabla hujautoa wa zamani, ulipiga picha ulivyopita?" aliuliza Mazin kwa sauti ya usingizi.

"Umetoka wenyewe. Umepakwa sifa."

Mazin alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaona mwenzake hacheki, akawa fundi. "Nisikilize. Mkanda una upande wenye mifereji na una mgongo laini. Puli yenye mifereji inataka mifereji. Puli laini inataka mgongo. Ukifuata hivyo, njia ni moja tu. Kuna puli ina springi, hiyo ndiyo ya kukazia. Isukume kwa spana, ishike, upitishe mkanda, uiachie. Lakini kwanza mafuta yote yatoke. Likibaki tone, huo mpya nao unakwenda."

Mafuta yote yatoke. Suud aliinama akaona puli sita zinazong'aa kwa mafuta, nyingine ziko mahali ambapo hata panya angefikiri mara mbili. Akasimama hajui aanzie wapi, na Gharib akarudi. Alikuwa amebeba petroli ya boti katika chupa, sabuni ya unga, mswaki wa zamani, matambara, jeki na kibegi cha spana. Alilinyanyua gari upande mmoja, akaliwekea matofali, akalitoa gurudumu, akavua shati, akalala chali mchangani akaingiza mkono.

Aliosha puli moja baada ya moja. Petroli ilimchuruzikia kwapani, akakunja uso akaendelea. Suud alimshikia taa. Alitaka kusema kitu, lakini maneno yaliyokuwa tele nusu saa nyuma sasa hayakuonekana. Alichoweza ni kulowesha tambara na kumpa, na Gharib akilitupa humpa jingine. Mwisho Gharib alipitisha kidole kwenye puli ya juu, akakinusa, akamnyooshea na Suud akinuse. Hakikuwa na harufu ila ya petroli.

"Haya," alisema Gharib. "Lete mkanda wako."

Ikawa kazi ya watu wawili. Suud alipoiona ile puli ya springi, roho ilimtulia kidogo, maana springi alikuwa akizijua. Ilikuwa ni ile ile inayokaa ndani ya saa, ila imekula ikashiba. Gharib akatia spana, akaivuta kwa mabega yake yote, mishipa ya shingo ikamtoka. Suud, ambaye vidole vyake vilizoea skurubu ndogo kuliko punje ya mtama, akaupitisha mkanda: chini ya hii, juu ya ile, mifereji kwa mifereji, mgongo kwa mgongo. Puli ya mwisho, ile ya chini kabisa, haikuonekana kutoka popote. Akaupachika kwa kubahatisha. "Achia," akasema. Gharib akaachia, mkanda ukakaza.

Walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu yale maneno. Suud akaingia garini akatia moto, na injini ikazunguka, taa nyekundu ikazimika, akapiga usukani kwa kiganja akasema, "Alhamdulillahi!"

"Zima," alisema Bi Riyama.

"Mama, limepona."

"Zima, nakwambia. Hamsikii? Inakwenda sawa, sawa, sawa, kisha inaruka. Kuna kitu kimekosa njia yake."

Suud hakusikia kitu. Gharib naye hakusikia. Lakini sauti ile mtu haikaidi, akazima. Bi Riyama akasema ashushwe mguu mmoja tu, ule mwingine ubaki ndani ili nia isivunjike, kisha akaona haiwezekani akasema Mungu atasamehe, akashuka mzima. Gharib akautoa ufunguo akautia mfukoni mwake. Wakamshika mikono, wakamketisha mchangani penye gurudumu lililotolewa, na buibui lake jipya, na Suud akauongoza mkono wake mpaka ndani.

Mkono ule ulikuwa mwembamba na mkavu, na uliingia mahali ambapo wa Gharib haukutosha na wa Suud haukuthubutu. Bi Riyama alifumba macho, ingawa hayakuwa na kazi, akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza, kama anavyohesabu miyaa yake. Alihesabu juu, akahesabu katikati. Akafika chini, puli isiyoonekana, akasita, akarudia.

"Hapa njia ziko sita," alisema. "Na mkanda una mifereji sita. Lakini mmoja uko nje unaning'inia, na njia moja huku ndani ni tupu. Mmeruka. Ukili ukiruka hivi nafumua."

Suud akampigia Mazin akamweleza. Mazin hakucheka. Alisema, "Mngekwenda hivyo, hata Mahonda msingefika. Ungejikata wenyewe." Kisha akauliza nani kaligundua hilo, kwa sababu hata vijana wake gereji huwapita. Suud akasema, "Mama." Mazin akasema amsalimie sana.

Gharib alivuta tena spana. Suud akasogeza mkanda, na safari hii mkono wa Bi Riyama ulibaki juu ya wa Suud, ukiusukuma kwa ncha ya kidole gumba, kidogo, kidogo tena, hapo hapo. "Sasa," alisema. Wakautoa mkono wake kwanza, ndipo Gharib akaachia. Gari lilipowaka Bi Riyama aliinamisha kichwa akasikiliza kwa muda mrefu, watu wazima wawili wakimsubiri kama watoto wanaongoja kuambiwa wamefaulu. "Twendeni," alisema. Gharib akalirudisha gurudumu, wakampandisha mama yao, naye akapanda nyuma.

Suud hakuwahi kushukuru kwa sauti ya injini kama siku ile. Alishukuru kila kilomita. Alishukuru Mahonda walipoipita, na Bububu walipoipita, na kila akiiangalia taa ya betri akaikuta imezimika alisema alhamdulillahi kimoyomoyo. Gharib alikaa nyuma na shati limegeuzwa ndani nje, ananuka petroli na papa pamoja, anatazama dirishani. Walifika hospitali saa tatu kasoro dakika nne. Asila, aliyekuwa akisubiri mlangoni na makaratasi mkononi, alimtazama mumewe kanzu ilivyochafuka, akaitazama saa, akamshika Bi Riyama mkono wakaingia ndani.

Nesi aliyempokea Bi Riyama aliitwa Mwanamwema. Alimwosha mikono yule bibi mara tatu, akastaajabu. "Bi mkubwa, umetoka gereji?"

"Nimetoka gereji," alisema Bi Riyama, kwa majivuno kidogo. Na huenda majivuno hayo ndiyo yaliyomvusha, kwa sababu aliingia chumba cha upasuaji hakuuliza habari ya kisu.

Jumatatu asubuhi walikuja wote watatu. Mwanamwema alimketisha Bi Riyama karibu na dirisha, akaibandua bandeji taratibu, akalifuta jicho kwa pamba. Bi Riyama alilifunga kwanza. Halafu akalifungua, akapepesa, machozi yakamtoka, akasema, "Dirisha." Akasema, "Asila, mtandio wako wa kijani." Asila akalia pale pale. Kisha Bi Riyama akageuka akamwona Suud, akamtazama utosini mpaka kidevuni.

"Umezeeka," alisema.

"Nimezeeka, mama."

"Nilikuacha na nywele." Akanyoosha mkono akamshika shavu. Suud alikuwa amejiandalia maneno njia nzima ya kumshukuru, maneno mazuri yenye mpangilio, akayaacha yote akaubusu mkono ule, na kucha zake bado zilikuwa na weusi wa gari.

"Gharib yuko wapi?"

"Kasimama hapo muda wote, sasa hivi tu katoka," Asila alisema. "Nilimwona anajifuta macho. Kasema anakwenda kutafuta chai."

Bi Riyama akatikisa kichwa. Akamwomba Asila akamuulizie nesi habari ya dawa, na walipobaki wawili akasema, "Keti. Jana ulimwambia mwenzio maneno."

"Najua, mama. Nina haya ya kumtazama."

"Hujui. Ngoja nikwambie, maana sikuwahi kukwambia." Akaukunja mtandio wake mapajani, akaukunjua. "Ulipoletwa kwangu ulikuwa na siku sita, mdogo hivi, hata kulia huwezi. Gharib alikuwa na miezi saba. Siku za mwanzo niliwanyonyesha wote, na maziwa hayakutosha. Mwaka ule sote tulikuwa na njaa. Wewe ulizidi kupungua. Basi mama mkwe akasema, huyu wetu kashapata nguvu, atakunywa uji wa muhogo. Nikamwachisha. Nikapaka shubiri ziwani. Akija yeye akionja anakuta uchungu, analia, anaondoka. Ukija wewe naikosha kwa maji moto, nakunyonyesha. Siku tatu hivyo. Ya nne hakuja tena. Alikaa pale mlangoni akikutazama."

Miaka arobaini na minane Suud alikuwa akijua wamenyonya pamoja, yeye upande huu na mwenzake upande ule, na shibe ikawatosha.

"Anajua?"

"Anajua tangu mdogo, shangazi zake wakimtania. Mimi ndiye niliyemkataza asikwambie. Nilisema utajiona mgeni kwetu. Na yeye, unamjua, hasemi."

Hakusema. Hata jana, mbele ya majirani, alipoambiwa mikono yake ina mkosi, hakusema. Alikwenda kuchukua sabuni.

Suud alitoka nje karibu ya kukimbia. Gharib alikuwa kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya geti, amekaa mwisho wa benchi, kikombe kipo mbele yake hajakigusa. Suud alikaa karibu yake. Watu walikuwa wengi pale, wagonjwa na wauguzaji wao, na machozi yalikuwa yakimtoka mbele yao wote, na hakujali kuyafuta.

"Mama anaona," alisema.

"Nimemwona alivyofungua jicho. Nikatoka." Gharib akakohoa. "Alhamdulillahi."

"Gharib, nisamehe. Kwa maneno ya jana."

"Gari lenyewe nililiharibu kweli."

"Gari niliharibu mimi. Mkanda nimekaa nao miezi mitatu kwenye buti." Akavuta pumzi. "Mama kanambia habari ya shubiri. Ahsante, ndugu yangu. Sijui watu husemaje jambo kama hili. Nimeishi kwa chakula chako, na sikujua, na sikukushukuru hata siku moja. Ahsante."

Gharib aligeuza uso akatazama upande wa pili, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama. Kisha akakisukuma kikombe chake cha chai mpaka kikawa mbele ya Suud.

"Mama naye anatia chumvi," alisema. "Miye nliacha mwenyewe. Nlikuwa nshashiba."